Pombe Ambayo Jackton Hakuinywa

Mara ya kwanza Jackton Oloo kufika kwenye maabara yetu pale Ngara, alikuja na barua ya mwajiri wake. Alikuwa dereva wa basi la shule moja ya Kileleshwa, mtu mrefu wa miaka arobaini na miwili, shati lake jeupe limepigwa pasi hata kola. Asubuhi ile mlinzi wa shule alikuwa amewapima madereva wote pumzi kwa alkoblo, kile kifaa cha kupulizia, kabla hawajatoka getini, na ya Jackton ikaonyesha pombe. Shule ikamtuma kwetu apimwe damu ili mambo yajulikane kwa hakika. Mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Nilimfunga mpira mkononi nikawa natafuta mshipa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Msabato, ni shemasi, na hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Nikamwambia akunje ngumi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, na karibu kila mtu anayeletwa kupimwa pombe huja na maelezo yake: alikunywa dawa ya kikohozi, alisukutua kinywa, alilala chumba kimoja na mlevi. Nilikuwa nimeacha kuyasikiliza. Kipimo kikaonyesha pombe, si nyingi sana, lakini ya kutosha. Nikaandika matokeo, nikatia sahihi yangu, Nakhumicha Simiyu, nikaifunga bahasha.

Kabla hajatoka aliniuliza kama mashine inaweza kukosea. Nikamjibu kwamba haikosei. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na bado nalijutia kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

Mengi ya yaliyofuata niliyajua baadaye, mengine kutoka kwake na mengine kwa mkewe. Shule ilimfuta kazi siku hiyo hiyo. Alipofika nyumbani Dagoretti Corner, mkewe Beryl hakutaka hata kuisoma barua. Yapata miezi minane alikuwa akisikia harufu kwenye kinywa cha mumewe, hasa jioni baada ya chakula. Alikuwa amemwona akipepesuka akienda kuoga, amemsikia akirudia neno moja mara tatu katikati ya maombi. Alikuwa ameuliza na Jackton akaapa. Sasa maabara ilikuwa imesema.

Kanisani ilichukua muda zaidi. Wazee walimwita mara mbili wakamwonya. Kisha Sabato moja, baada ya ibada ya asubuhi, washiriki walikula pamoja uani kama kawaida yao: wali, chapati, viazi, na juisi ya maembe. Mchana Jackton akasimama kutoa matangazo, na mbele ya kanisa zima ulimi wake ukawa mzito, akacheka mahali pasipo na kichekesho. Watu aliokula nao sahani moja walimtazama akishikilia meza. Mwezi uliofuata akaondolewa ushemasi, na baadaye jina lake likaondolewa kwenye kitabu cha ushirika.

Beryl alivumilia mpaka siku Jackton aliposahau kumchukua binti yao Akoth shuleni. Mtoto wa miaka tisa alikaa kwenye mvua saa mbili nzima, na baba yake alipatikana amelala kitandani na viatu miguuni. Beryl akakusanya nguo zake na za mtoto wakahamia kwa dada yake mkubwa, Kawangware.

Mwaka mmoja na miezi minne baada ya ile bahasha, mtu aliingia kwetu na fomu ya kliniki ya ini. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, na weupe wa macho umegeuka manjano. Kwenye fomu daktari alikuwa ameandika kwamba ini limeharibiwa na ulevi. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono, akakunja ngumi kabla sijamwambia, akasema tumewahi kuonana.

Nilitarajia lawama. Lakini alikuwa na ombi, na alionekana amelifikiria kwa muda mrefu.

"Dada, nifungie kwa chumba," alisema. "Nipekue mifuko. Nipe chakula, ukae hapo uniangalie kutoka asubuhi mpaka jioni, halafu unipime. Kama nimekunywa, utakuwa umeniona."

Nikamwambia maabara haifanyi hivyo. Akasema anajua, ila hana mtu mwingine wa kumwangalia; nyumbani amebaki peke yake na kuta hazitoi ushahidi. Nilimaliza kuandika jina lake kwenye chupa ya damu, nikaweka kalamu chini. Walevi wote niliowahi kupima walikuwa wakikimbia kipimo. Huyu alikuwa anakiomba.

Nilimwacha kwenye benchi nikapanda ghorofani kwa Daktari Kamlesh, mwenye maabara. Ni mzee wa miaka sabini na moja, amezaliwa mtaa huo huo, baba yake aliuza vitambaa milango mitatu kutoka tulipo. Hakunicheka wala hakunikatiza. Aliteremka ngazi polepole akakaa kando ya Jackton, akamuuliza swali moja tu: kama amewahi kutumia dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu. Jackton akasema ndiyo, miaka mitatu iliyopita alipougua taifodi. Alikunywa dawa karibu miezi miwili, zikabadilishwa mara tatu. Daktari akamuuliza tena kama mambo haya yalianza kabla au baada ya hapo. Jackton akafikiri, akasema baada.

Ndipo Daktari akatueleza, sote wawili, maana hata mimi nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni kwa mistari miwili tu. Tumboni mwa kila mtu mna bakteria wa kila aina, na kwa kawaida wanabanana, hakuna anayemshinda mwenzake. Dawa nyingi zikipita, wengi hufa, na yule asiyekufa hubaki na nafasi yote. Kuna jamii moja inayoitwa Klebsiella, na ndani ya jamii hiyo wamo wachache ambao wakipata sukari au wanga huugeuza kuwa pombe. Pombe hiyo haipiti kinywani. Inatoka kwenye utumbo moja kwa moja mpaka kwenye ini, kila baada ya mlo, mchana na usiku. Ni sumu ile ile ya mlevi, ila mwenyewe hajui kwamba anainywa.

"Sijawahi kumwona mgonjwa wa namna hii kwa macho yangu," Daktari alisema. "Huenda nimewahi kukutana nao, nikawafukuza."

Tulifanya kipimo Jumanne. Jackton alikuja saa mbili asubuhi, hajala kitu tangu jana yake. Nilimpeleka kwenye chumba tunachotumia kuwatolea watoto damu, chenye samaki waliochorwa ukutani. Nikampekua kama alivyotaka: kitabu cha nyimbo, leso, ufunguo mmoja. Damu ya kwanza haikuwa na pombe hata chembe. Nikampa glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, glasi kubwa, akainywa yote huku akikunja uso kwa ule utamu, kisha nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

Kila saa nilimtoa damu. Katikati tulizungumza. Aliniambia habari za watoto wa basi lake, yupi huogopa mbwa wa getini, yupi husinzia kabla hawajafika barabara kuu, yupi asiyepanda mpaka aitwe kwa majina yake yote mawili. Saa nne kipimo kilionyesha kitu kidogo. Saa tano mashavu yalikuwa yamepata joto na macho yanang'aa. Saa sita alianza kunisimulia juu ya ng'ombe wa babu yake kule Ugenya, akapotea katikati, akarudi mwanzo, akapotea tena. Ilipofika saa saba ulimi ulikuwa mzito, na hewa ya chumba kile kidogo ilikuwa na harufu ninayoijua. Sikuwa nimetoka hata kwenda msalani. Mtu alikuwa amelewa mbele yangu, mikono yake iko mapajani mitupu.

Kipimo cha saa saba kilikuwa mara mbili ya kile kilichomfukuzisha kazi. Nilimsomea nikidhani atafurahi. Alifumba macho, akijaribu kuzishika fikra zake zisiteleze.

"Kwa hivyo nilikuwa nimelewa kweli," akasema.

Nikamwambia si kosa lake.

"Nilikuwa nakunywa uji, halafu nashika usukani. Watoto arobaini na mmoja. Nimewabeba hivyo miezi mingapi?"

Nikarudia kwamba hakujua. Akasema analielewa hilo, lakini aliyekuwa akiendesha ni yeye. Akafunika uso kwa leso akalia, na kwa vile alikuwa amelewa, alilia bila kujizuia, kwa sauti, mpaka wagonjwa waliokuwa mapokezi wakageuka kutazama mlango. Mtu yule alikuwa ameamini kwa miaka kwamba dunia nzima inamsingizia. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba haikuwa ikimsingizia. Nilimletea maji. Daktari Kamlesh alikuja akakaa naye mpaka saa kumi, pombe ilipopungua, kisha yeye mwenyewe akamsindikiza kwa gari mpaka mlangoni kwake.

Ilibaki kumtafuta mwenye kosa. Nilipanda sampuli ya choo chake kwenye visahani, na kesho yake mapema vikawa vimeota madoa ya rangi ya waridi, manene, yenye utelezi. Ukigusa moja kwa kijiti linavutika kama kamasi. Nikachukua bakteria wa lile doa nikawaweka kwenye chupa yenye mchuzi wa sukari, nikaifunga. Kando yake nikaweka chupa ya pili, na ndani yake bakteria kutoka kwa mtu mzima wa afya. Mtu huyo nilikuwa mimi. Chupa zote mbili zikalala kwenye kabati la joto.

Nilipozitoa, yangu ilikuwa imetulia. Ya Jackton ilikuwa inachemka povu. Nilipofungua kifuniko ni kama nilirudi utotoni, Kimilili, kwenye nyumba ya shangazi yangu aliyekuwa akipika pombe ya busaa. Ilikuwa harufu ile ile. Mashine ikathibitisha. Daktari akagawa sehemu ya bakteria wale akaituma kwa rafiki yake mwenye maabara kubwa wasome vinasaba, kisha akaandika barua ya kurasa mbili kueleza tulichokipata na kuipiga muhuri.

Daktari wa kliniki ya ini aliisoma barua ile na, bila kusita, alikubali kwamba alikuwa amekosea. Alimpa Jackton dawa ya kuwaua bakteria hao, akamkataza ugali, mkate, wali, viazi na sukari. Ndani ya siku kumi pombe ilikwisha kabisa kwenye damu yake. Lakini ini lilikuwa limekwisha kuwa gumu na kusinyaa. Daktari yule hakumficha. Alimwambia sumu imezimwa, ila sehemu iliyokwisha kuungua haitarudi.

Jackton akaniomba kitu kimoja. Nakala ya barua ile, ya kumpa mkewe, niipeleke mimi mwenyewe. Yeye ameapa mara nyingi mno, alisema. Akiipeleka yeye, Beryl atadhani ameinunua.

Nilimkuta Beryl Dagoretti Corner, kwenye kibanda anachoshonea sare za shule. Ni mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye futi ya kupimia shingoni. Nilipojitambulisha alisimamisha cherehani.

"Wewe ndiye uliandika ile barua ya kwanza," akasema.

Nikasema ni mimi. Nikampa ya pili. Aliisoma, akarudi mwanzo akaisoma tena, kidole kikifuata mistari. Kisha akaanza kunieleza, si kama mtu anayejitetea, alivyoitafuta pombe. Alipasua mto wa mumewe. Alipanda juu akafungua tangi la maji. Alimfuata kwa siri jioni tatu na kumkuta amekaa kwenye benchi la kinyozi, hana chochote mkononi.

"Sikuwahi kupata hata kizibo," alisema. "Nikasema huyu ni mjanja sana."

Akaikunja barua. Baadaye kidogo akauliza, "Na uji?"

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nampikia uji. Kila asubuhi, na jioni akirudi vile. Nilikuwa naweka sukari nyingi, juu watu waliniambia sukari inamaliza pombe mwilini."

Ningeweza kulizunguka swali lile. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona jibu fupi linavyoweza kumponza mtu, na jibu refu la kumdanganya nililiona baya zaidi. Nikamweleza kwamba bakteria wale walikuwa wakiishi kwa sukari, na uji ule ulikuwa ukigeuka pombe. Nikaongeza kwamba hakujua.

"Hata wewe hukujua," alijibu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananihesabu pamoja naye.

Alifunika cherehani kwa kitambaa, akamwomba jirani amwangalizie kibanda, akaenda kwa mumewe mchana ule ule. Jioni Akoth naye akaletwa.

Waliishi pamoja wiki sita. Beryl aliniambia hawakusemezana sana juu ya yaliyopita. Alimpikia mayai, samaki na sukuma wiki, akajifunza kusoma maandishi madogo kwenye makopo. Lakini kila jioni baada ya kula, Jackton alimwita karibu na kumwambia amnuse kinywa. Beryl alikataa, akamwambia hakuna haja, anamwamini. Jackton akasisitiza. Basi akawa anainama, anavuta pumzi, na kumjibu, "Hakuna kitu, Baba Akoth." Ndipo analala.

Barua ilipelekwa kanisani pia. Mchungaji aliisoma akafika kumwombea nyumbani, na akaeleza kwamba kurudisha jina kwenye kitabu ni uamuzi wa kikao cha kanisa zima, na kikao kingekaa mwisho wa mwezi. Jackton akasema atangoja. Shuleni nilipeleka mwenyewe. Jackton hakuomba arudishiwe kazi. Alitaka tu wazazi wa wale watoto wajue. Shule ilijibu kwa aya moja, kwamba inamwombea afueni, na kwamba ilichukua hatua kwa kutegemea matokeo ya maabara yetu. Nilitafuta neno la kupinga katika aya ile. Halikuwepo.

Alhamisi moja saa sita mchana alitapika damu. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye koo la chakula, kama inavyotokea ini likiziba. Beryl na jirani walimfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Alikata roho kabla ya saa tisa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kikao kikae.

Kanisa liliwahisha kikao chake. Mzee Nzuki, aliyekuwa ameongoza kura ya kumwondoa, ndiye aliyetoa hoja ya kumrudisha, na wanaosimulia wanasema hakuweza kuimaliza. Alisafiri na jeneza mpaka Ugenya, safari ya siku nzima kwa mtu wa umri wake, na kaburini hakutaka kupewa nafasi ya kuzungumza.

Majibu ya vinasaba yalifika mwezi mmoja baadaye. Yalithibitisha kila kitu. Beryl alikuja kuchukua nakala, akakaa kwenye kiti cha mgeni ofisini kwa Daktari Kamlesh, na mimi nikasimama mlangoni. Aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja tangu siku ya kibandani: kama siku ile ya kwanza Jackton angewekwa kwenye chumba na kuangaliwa, angepona?

Daktari alianza kusema kwamba katika tiba hakuna anayeweza kujua jambo kama hilo. Ni kweli. Lakini Beryl alikuwa ananitazama mimi.

"Naamini angepona," nikasema. "Ini lake wakati ule halikuwa limefika hapo."

Alikubali kwa kichwa, polepole. Hakulia wala hakunitukana. Alishukuru kwa kujibiwa, na ikawa vigumu kwangu kuendelea kusimama pale.

Daktari akamweleza kwamba anaandika makala kwa madaktari wenzake ili mgonjwa mwingine wa namna hii asipite mikononi mwao bila kujulikana, na akaomba ruhusa yake. Beryl alikubali mara moja. Akauliza jina la mumewe litaandikwa vipi. Daktari akasema halitaandikwa; katika makala kama hizo mgonjwa hatajwi, huwekwa umri tu, ili kumlinda.

"Kumlinda na nini?" Beryl akauliza. "Walipomfukuza kanisani walisoma majina yake yote matatu, kwa sauti, na kipaza sauti."

Daktari alieleza kanuni tena, kwa upole, na Beryl akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kalamu. Alitoa kwenye mkoba kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaandika juu ya goti lake, akanipa mimi. Akasema kama haiwezekani kule kwa madaktari, jina hilo nilitafutie mahali pengine. Nikamwahidi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama anavyoandika vipimo vya wateja: Jackton Oloo Ogutu, dereva.